Watoto Wasiokula

Bakari Likwena alizikwa Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka wakati wanaume waliokaa chini ya turubai nyumbani kwake Magomeni walipoanza kubishana kuhusu filamu. Sikushangaa. Watu wa Mtwara nawajua. Marehemu aliwahi kuwapeleka wake zao kujifungua kwa pikipiki yake mwenyewe, alisimamia ndoa za watoto wao, alichimba kisima kinachonywesha nusu ya mtaa. Hayo hayakutajwa. Walichokumbuka ni banda lake la video, na katika mikanda yote iliyopita kwenye banda lile walikumbuka mmoja tu, ule wa watoto.

"Wale walikuwa majini," alisema fundi baiskeli mmoja huku akitafuna tende. "Jini akivaa umbo la mtoto, chakula cha watu hali."

"Majini ya wapi na wewe? Ile ilikuwa laana. Yale maji waliyotumbukia yalikuwa na mwenyewe."

"Mimi nilisikia ni kisa cha kweli. Kijiji kipo mpaka leo, ila serikali yao imekifunga."

"Ulisikia wapi?"

"Nilisikia tu."

Nilisikia tu: hayo ndiyo marejeo ya wasomi wa Magomeni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, wao mkekani. Sikukiomba kile kiti. Nililetewa, kwa sababu kila mtu pale anajua kwamba niliondoka mji huu na begi moja la rambo, na nimerudi na stashahada ya umeme na majokofu, na nyumba ya vigae kule Likombe ambayo sikusaidiwa tofali hata moja. Stashahada yenyewe nimeitundika sebuleni, mgeni akikaa tu anaiona. Basi nilikunywa kahawa yangu kimya, nikawaacha wabishane, ingawa katika watu wote waliokuwa chini ya turubai lile ni mimi peke yangu niliyekuwa na haki ya kusema neno kuhusu filamu ile. Walichokiona wao ni picha zilizokuwa zinatembea. Maneno yote waliyoyasikia yalitoka kinywani mwangu.

Na nisionekane ninawaonea watu wa kwetu. Nilipokuwa Durban nikitengeneza mitambo ya baridi ya makontena, nilikuwa nikiingia kwenye duka la intaneti siku za mapumziko, na siku moja nikaitafuta filamu ile. Kumbe ni maarufu duniani. Watu wa kila taifa wameandika maoni yao, wengine wameipa nyota kama wanavyopewa askari. Mmoja alieleza kwamba watoto wale ni mfano wa vita. Mwingine, nadhani profesa, alisema ni hofu ya wazazi kwa kizazi kinachokuja. Wa tatu alilalamika kuwa haitishi kwa sababu haina damu. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa nikiwa nimeshika kichwa. Elimu yote ile, umeme usiokatika, na bado hawakumzidi fundi baiskeli wa Magomeni hata kidogo. Filamu haisemi watoto wale ni nini, na mtu akikuta mahali pasiposemwa kitu, hawezi kupaacha wazi. Lazima amwage takataka zake.

Mwaka ninaousema ni wa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama ambazo zilinishangaza hata mimi katika Kiingereza, na ambazo hazikuwa na faida yoyote katika mji ule, kwani barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ikifungwa na mvua na kazi zilikuwa za wajomba wa watu. Bakari akanipa chumba na chakula. Chumba kilikuwa nyuma ya banda, kimepakana na jenereta, kiasi kwamba shuka langu lilinuka dizeli na ukutani palikuwa na joto kama pajani mwa mgonjwa. Kwa malipo ya chumba hicho nilikuwa nasimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, picha inaendelea, nami natafsiri. Siku hizi vijana wanarekodi sauti zao juu ya mikanda na kujiita wasanii. Sisi tulifanya papo kwa papo, mbele ya watu waliokuwa tayari kukurushia maganda ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ukikosea, na mimi sikurushiwa hata ganda moja. Watu walitoka mpaka Mikindani kuja kunisikiliza. Walisema wanakuja kuona picha, lakini siku nilipoumwa koo banda lilikuwa tupu.

Nilikula kwa Bakari, barazani kwake, kwenye sinia moja naye. Nilimwita kaka, na kwa hiyo mkewe, Mama Shaibu, alikuwa shemeji yangu. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzito kwenye nazi. Ugali wake wa muhogo ulikuwa laini mpaka ukiubonyeza unabaki na alama ya kidole, na kisamvu chake sijapata kukila tena, si Dar wala kwingineko. Mtoto wao alikuwa mmoja, Shaibu, wa umri wa miaka kumi hivi, mtundu, mwenye masikio makubwa. Alikuwa na vita na bamia. Mama akipika bamia, mtoto huchambua kipande kimoja kimoja na kukipanga ukingoni mwa sahani, mstari mzima, kama anajenga ua. Baba yake humtazama asiseme kitu, mama husema, "Kula, mwanangu, ukikua utakuja kula hata mawe." Shaibu anajibu, "Mawe nitakula. Hii ina kamasi." Kila mara jibu hilohilo, na kila mara mama alicheka kana kwamba hajawahi kulisikia.

Kusi lilipoanza kuvuma na shule kufungwa, Shaibu akapelekwa jando. Kambi, likumbi kama tunavyoita, ilijengwa porini nje ya Mtawanya. Anayetoka mikoa mingine hajui uzito wa jambo hili, nami sina nia ya kumfundisha. Nitasema tu yanayojulikana hata na wanawake: mtoto akishaingia, mama hamwoni mpaka siku ya kutoka. Anachofanya ni kupika. Kila siku anapika, chakula kinafunikwa kawa, kinachukuliwa na wanaume, na chombo kinarudi kitupu. Hana habari nyingine ila chombo kile. Na wanawake wanajua jambo la pili, ambalo hawalisemi kwa sauti: zamani, mtoto akifia kambini, mama hakuambiwa. Aliendelea kupika. Aliendelea kufunika kawa na kupokea chombo kitupu mpaka siku wenzake wanapopokea watoto, yeye akaletewa sahani ya mwanawe imevunjwa. Hapo ndipo alijua.

Ni katika juma lilelile ndipo Bwana Anwar, mwenye duka la vyombo karibu na soko, alipomwazima Bakari ule mkanda. Alisema ni picha ya zamani, haina rangi, lakini familia yake yote ililala taa zikiwaka. Hadithi yake ni fupi. Kuna kijiji Uzunguni, ni wakati wa baridi, watoto wanacheza juu ya bwawa lililoganda. Barafu inapasuka, wanazama wote. Jioni ileile wanarudi majumbani, nguo kavu, nywele zimechanwa, wanakaa mezani. Mama zao wanalia kwa furaha na kuwapakulia. Watoto hawali. Wanamtazama mama, bila kupepesa, siku baada ya siku, mpaka mama mmoja anainuka usiku, anatembea mwenyewe hadi bwawani na kuingia. Kisha wa pili.

Barafu tu ilinigharimu jasho. "Maji yanakuwaje magumu watu wakayakanyaga?" aliuliza mtu wa mstari wa mbele siku ya kwanza. Nikamwambia ni kama barafu za juisi zinazouzwa na wake wa maafisa wa bandari, ila kubwa kama uwanja. "Na mwenye hilo friji ni nani?" Banda likaanguka kicheko, na kwa muda mrefu hakuna aliyeogopa kitu chochote.

Lakini ilipofika meza na watoto wasiokula, kicheko kikakatika. Hiyo ilikuwa Jumapili mchana, zamu ya wanawake, ingawa wanaume wasio na kazi walikuwa wakiruhusiwa mabenchi ya nyuma. Mmoja wao alikuwa Mzee Mchopa, kuli mstaafu wa bandarini, mzee wa heshima katika mambo ya jando na mzee wa fedheha katika mambo mengine yote. Alikuwa mtu ambaye asiposikika hujiona amekufa. Katikati ya ukimya ule akasema kwa sauti yake ya kupakua magunia:

"Hawa nnawajua. Hawa wamefia likumbi. Mama zao hawajaambiwa, ndiyo maana wanarudi. Maiti atakula nini?"

Mtu akamnong'oneza, "Mzee, wamo wanawake humu."

"Nnasema picha," akajibu. "Sijasema kitu. Nnasema picha."

Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo yangu, nikiwaona wote kwa mwanga wa televisheni. Wanawake waligeuka wakamtazama Mama Shaibu, kwa sababu mtoto wake ndiye aliyekuwa kambini, kisha kwa haraka wakatazama mbele. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameshika ncha ya khanga yake mdomoni.

Juma lililofuata mtaa mzima ulikuwa na maoni. Mchopa alijisikia nabii. Mwalimu Kyando, ambaye alitoka Iringa kufundisha Kiingereza sekondari na aliyeamini kwamba kusini yote ni darasa lake, alikaa kinyozini akieleza kuwa ushirikina ndio unaotuchelewesha na kwamba filamu ile inahusu maradhi ya akili ya wanawake waliofiwa. Jirani yake mlokole alitaka televisheni iombewe. Bwana Anwar alisema, akipima kamba, kwamba yeye anaona ni funzo kwa watu wanaolea watoto wasiowajua asili. Niliwasikiliza wote. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza neno la Mchopa limeangukia wapi. Walikuwa wakilichezea jambo la watu wa Uzunguni wasiokuwapo, na hatua chache kutoka kinyozini mwanamke alikuwa akipika na kufunika kawa.

Nililigundua kwa chakula. Mchana mmoja ugali ulikuwa na madonge. Siku iliyofuata kisamvu kiliungua. Bakari alikula vilevile. Yeye alikuwa baba na mwanamume, akitaka habari angeipata, na pengine alikuwa nayo; lakini sheria ni sheria, na Bakari alikuwa mtu wa kuishika sheria kama anavyoshika usukani wa pikipiki, kwa mikono miwili. Alipotoka kwenda kununua dizeli, Mama Shaibu alikuja barazani akiwa ameshika bakuli la bati.

"Shemeji," akasema, "tazama hili."

Nikatazama. Lilikuwa bakuli tupu, lina michirizi ya vidole kwenye mafuta ya nazi.

"Limetoka kambini sasa hivi. Jana niliweka bamia na dagaa. Bamia tupu nyingi, dagaa kidogo. Niliweka makusudi."

Nikaelewa.

"Mwanangu hali bamia," akasema. "Unamjua. Angezirudisha zote ukingoni. Nilikuwa nazingoja zirudi, nizihesabu moja moja, nilale. Hazikurudi. Sasa niambie, nani anakula chakula cha mwanangu?"

Hili ni kosa ambalo lisingeweza kufanywa na mwanamke wa mahali pengine popote. Alikuwa ametumia akili, akili safi kabisa, kuliko Kyando na vitabu vyake. Mtego wake ulikuwa mzuri. Ulikosa kitu kimoja tu, kitu ambacho kila mwanamume aliyepita kule anakijua na hakuna mwanamke anayeruhusiwa kukijua: kwamba kule hakuna kuchagua. Unakula kilicholetwa, chote, pamoja na wenzako, na aliyesimama juu yako hana masikio ya kusikia habari za kamasi. Bakuli tupu lilikuwa ndiyo dalili kwamba mambo yako sawa. Kwake lilikuwa sahani iliyovunjwa.

"Shemeji, subiri," nikasema.

"Nimesubiri. Kesho kutwa alfajiri nakwenda mwenyewe Mtawanya. Wakitaka waniue."

Wasingemuua. Wangefanya zaidi ya hapo. Mwanamke akikanyaga likumbi, mtoto wake anabaki na aibu hiyo mpaka anazeeka, hachumbiwi binti, haketi na wanaume. Bakari angelazimishwa kumwacha. Na mimi, kijana niliyekula chumvi yake, nilikuwa na maneno mawili tu ya kumponya, na maneno yenyewe niliapishwa nisiyatamke mbele ya mwanamke. Nilitazama lile bakuli. Nikamwambia, "Usiende kesho kutwa. Jumapili njoo uangalie picha tena. Kaa mbele."

Alinitazama kama mtu aliyetemewa mate. "Nakwambia habari za mwanangu, unanijibu picha."

"Njoo tu, shemeji. Kama ukishaiona bado unataka kwenda, nitakushika mkono mimi mwenyewe tuende wote."

Jumamosi nilitembea hadi Mtawanya. Wataalamu wote wa mtaa, wenye majini yao na maradhi yao ya akili, hakuna aliyefikiria kufanya safari hiyo ya miguu. Maoni hayahitaji viatu. Niliingia kambini kama anavyoingia mwanamume yeyote mwenye haki, nikamwona Shaibu. Mengine hayaandikwi. Nilimwona, alikuwa mzima, amekonda shingo, ana kovu jipya gotini, na masikio yaleyale.

Jumapili banda lilijaa mpaka mlangoni. Mama Shaibu alikaa benchi la kwanza, mikono imekaza magotini. Mwalimu Kyando naye alikuja, amekaa nyuma na miguu amekunja, kwa kuwa alitaka kuthibitisha nadharia yake. Mchopa alikuwepo. Bakari alikuwa mlangoni akipokea watu. Nikaanza kazi yangu. Kuna sehemu katika picha ile ambapo bibi mmoja jirani, amejifunga shali, anaingia nyumbani kwa mama wa mmoja wa wale watoto, anakaa naye jikoni. Bibi anasema maneno matatu manne tu ya Kiingereza, ya kawaida kabisa: kwamba kengele ya kanisa imelia na barabara ina utelezi. Kisha kamera inakaa kwenye uso wake muda mrefu, midomo inacheza kidogo kana kwamba anasali. Huo muda mrefu ndio niliouhitaji. Nikanyoosha fimbo kwenye uso wa bibi, nikasema, polepole, kwa sauti ya kizee:

"Mwanangu, usipime uhai wa mtoto kwa chakula anachokipenda. Huko aliko hali anachokipenda, anakula kinacholetwa. Hata kile alichokuwa anakiweka ukingoni, sasa anakimeza, maana anayemlisha si mama yake. Mimi nimemwona jana kwa macho yangu. Kakonda shingo. Ana kovu gotini, la kuanguka tu. Anakuja."

Kisha Kyando akapaza sauti kutoka nyuma: "Hapana. Hapana, bwana mdogo. Huyo bibi amesema kengele imelia."

"Mwalimu, na hayo mengine?" akauliza mtu.

"Mengine hakuna. Amesema kengele na utelezi. Huyu kijana anatunga."

"Basi njoo ushike fimbo wewe, Mwalimu," nikamwambia.

"Kaa chini, Mwalimu," mwanamke mmoja akasema. "Bibi wa watu anazungumza, wewe unaleta kengele."

"Mshahara hajapewa huyo, ndiyo hasira zake."

Walicheka, Kyando akabaki amesimama na kidole hewani. Mimi sikuwatazama wao. Mama Shaibu alikuwa ameachia magoti yake. Alivuta pumzi moja ndefu, akajifunga khanga vizuri, akainuka na kutoka picha ikiwa bado katikati. Hakumwangalia mtu. Jumatatu ugali ulirudi kuwa laini. Kisamvu hakikuungua tena, na hakwenda Mtawanya. Katika maisha yangu nimerudishia uhai meli nzima za samaki zilizokuwa zinakaribia kuoza, nimesifiwa na mameneja wa mataifa mawili, lakini hakuna kazi niliyoifanya kwa ustadi kama ile, na hakuna aliyeipigia makofi.

Walichoipigia ni kelele. Kyando alikwenda kinyozini, sokoni na shuleni akitangaza kwamba mtafsiri wa Bakari ni tapeli. Peke yake asingenidhuru. Watu walimchukulia kama redio isiyozimika. Lakini Mchopa alikuwa amesikia yale maneno kwa masikio ya mtu aliyepita jando, na akayaelewa. Mchopa, yeye aliyeropoka neno la kifo mbele ya wanawake, ndiye aliyekwenda kushtaki kwamba siri imevuja. Nikaitwa kwenye baraza la wazee, baada ya swala ya alasiri, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Walikaa wote wakiwa wamenyoosha nyuso, na Mchopa katikati yao kama kadhi.

"Yale maneno ya bibi wa kizungu," akaanza, "yametoka wapi?"

"Kwa bibi wa kizungu."

"Kuna mtu anasema hakuyasema."

"Aitwe," nikasema.

Kyando akaitwa. Alikuja mbiombio, ameshika kamusi. Akaulizwa bibi amesema nini. Akasema kengele na utelezi. Akaulizwa kama ana hakika. Akafungua kamusi.

"Inatosha, Mwalimu. Ahsante. Nenda."

"Lakini wazee wangu, kwa nini jambo hili linawasumbua? Ni filamu tu. Hayo ya kovu na ukingoni yana maana gani?"

Wakatazamana. Kyando hakuwa mtu wa jando letu. Shahidi wao alikuwa hawezi kuambiwa anachokitolea ushahidi.

"Nenda, Mwalimu," mzee mmoja akarudia.

"Nauliza tu kwa ajili ya kuelimishana."

"Mwalimu, nenda."

Nilicheka. Ndilo lililoniponza, nadhani. Hawakuweza kunishtaki waziwazi, kwa kuwa kunishtaki ni kuyarudia maneno, na kuyarudia maneno ni kuyavujisha mara ya pili. Wakamwachia Bakari hukumu, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa nyumba yake.

Bakari alinikuta chumbani, jenereta imezimwa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa mtu wa hasira, na siku ile pia hakuwa nayo.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Nilimsikia yule bibi."

Nikasogeza shuka, nikakaa kitandani.

"Mke wangu analala sasa. Nilikuwa nageuka kitandani usiku namkuta amekaa. Mimi nilikuwa na jibu, na sikuweza kumpa." Akatazama mikono yake. "Wewe ulimpa, na hukuvunja kiapo. Hata wazee hawajui ulikivunja wapi. Kwa hiyo nakushukuru. Na kwa hiyo lazima uondoke."

"Kaka, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mtu anayeweza kusema jambo bila kulisema hawezi kukaa hapa. Leo umesema la kheri. Kesho watakuogopa hata ukikohoa."

Niliondoka kwa meli iliyofuata, kabla watoto hawajatoka kambini. Wazee walifurahi, Kyando alipewa fimbo ya kutafsiri, akatafsiri kengele kama kengele na utelezi kama utelezi, na banda likafungwa mwaka uleule kwa kukosa watu. Nilipopata habari hiyo Dar es Salaam, nikiwa nabeba mizigo mchana na kusoma jioni, nilikula pilau.

Ndiyo maana siwezi kuwasikiliza watu wa chini ya turubai kwa uso wa tabasamu. Baada ya majini, laana na kijiji kilichofungwa na serikali, wakafika kwa bibi. "Lakini yule bibi," akasema fundi baiskeli, "yule mwenye shali. Yule alikuwa na hekima. Usipime uhai wa mtoto kwa chakula. Mimi maneno yale nimewaambia hata wanangu." Wote wakaafiki. Mmoja akasema wazungu wa zamani walikuwa watu wa busara, si kama wa leo. Hakuna aliyegeuka kukitazama kiti changu. Niliweka kikombe chini.

Mwanamume mmoja alikuwa akizunguka na birika la maji ya kunawa, ndevu changa, masikio makubwa. Ndiye mwana wa marehemu. Alitoka jando na jina jipya, Hashimu, kama ilivyo desturi, ingawa mama yake, aliyekuwa ndani kwenye eda na ambaye sikuweza kumwona, anaitwa Mama Shaibu hadi leo. Akafika kwangu, akanimiminia maji, akakaa kwenye ukingo wa mkeka.

"Baba mdogo," akasema, "mama amesema nikusalimie kabla ya wote. Hakusema kwa nini."

"Mwambie nimepokea."

Akawasikiliza wale wanaobishana kwa muda, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Tangu utoto nawasikia na hiyo picha," akasema. "Mimi sijawahi kuiona. Ilipoonyeshwa nilikuwa jando. Nilipotoka, mwenyewe alikuwa ameshauchukua mkanda wake. Ilikuwa inahusu nini hasa?"

Nilimtazama: mtu pekee Magomeni nzima asiye na maoni.

"Ilikuwa inahusu watoto," nikamwambia. "Hukukosa kitu. Niletee chakula."